Je, wajua kwa nini skrini ya kompyuta yenye mfumo wa Linux hugeuka nyeusi baada ya kusasisha, ilhali kadi inayochora picha ni nzima?

Jibu langu la zamani lilikuwa fupi: kadi ya grafiki imeungua. Umeme wa mtaani kwetu Majengo, hapa Moshi, ukikatika hurudi kwa kishindo, na kila kifaa kinachokufa huku huzikwa kwa sababu hiyo hiyo. Siku moja nikasasisha Ubuntu, aina ya Linux ninayotumia, usiku, nikazima, nikalala. Asubuhi kompyuta ikaonyesha nembo ya kiwandani, kisha giza. Sikujiuliza mara mbili. Nikachomoa kadi yangu ya Nvidia, nikaifunga kwenye taulo, nikapanda Kosta hadi Arusha, kilomita 80 hivi, kwa fundi mmoja wa Kaloleni anayeuza kadi za mtumba.

Fundi akaipachika kwenye mashine yake ya Windows. Picha ikatoka safi. "Kaka, hii haina ugonjwa," akasema, akanirudishia pamoja na taulo langu.

Nauli hiyo ningeiokoa kama ningetazama vizuri, maana ushahidi ulikuwa mbele yangu. Ile nembo ya kiwandani inachorwa na nani? Kwenye kompyuta ya mezani, waya wa monita ukiwa umechomekwa kwenye kadi, anayechora ni kadi hiyo hiyo. Kadi iliyoungua haina adabu ya kuchora nembo kwanza ndipo ife, tena kila ukiwasha. Halafu nilipobonyeza Caps Lock, kitaa cha kibodi kiliwaka na kuzimika kama kawaida. Maana yake mfumo ulikuwa hai nyuma ya giza, unanisikiliza. Ningebonyeza Ctrl+Alt+F3, huenda ningepata skrini ya maandishi inayoniomba jina na nywila.

Kipimo hiki cha nembo kina mipaka yake. Laptopu nyingi zina chipu mbili za grafiki, na nembo huchorwa na ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu ile kubwa. Na kadi zinazokufa kweli zipo. Hizo mara nyingi hutoa michirizi na madoa ya rangi tangu kwenye nembo yenyewe, kabla Linux haijaanza kupakiwa.

Kosa la pili, ambalo nilirudi nalo kutoka Arusha, lilikuwa kusema draiva, yaani programu inayoendesha kadi, imefutika. Haikufutika. Ilikuwa kwenye diski, nzima, na hapo ndipo jambo linapokuwa la ajabu kidogo.

Kerneli ni moyo wa Linux, sehemu inayozungumza na vifaa moja kwa moja. Kipande cha draiva kinachoendesha kadi huingia ndani ya kerneli kama moduli. Kila toleo la kerneli lina folda yake ya moduli: toleo 6.8.0-45 lina yake chini ya /lib/modules, na 6.8.0-47 lina yake. Ukisasisha kerneli, kompyuta huwaka na toleo jipya, ambalo hutazama folda yake tu.

Fikiria sare ya shule. Fundi cherehani amempima mtoto wa darasa la tatu, akamshonea suruali, ikawekwa kabatini. Mwaka ukageuka, mtoto akarefuka. Suruali haijachanika wala haijaibwa, imekunjwa vizuri kule ilikowekwa, ila si ya mtoto huyu tena. Na usifikirie kuihamishia kwenye kabati jipya kwa mkono. Ndani ya kila moduli mna lebo inayotaja toleo la kerneli ililoshonewa, na kerneli huisoma lebo hiyo mlangoni. Isipolingana, moduli hukataliwa.

Mbona wenye grafiki za Intel na AMD hawakumbwi na haya? Fundi wao anaishi humo humo nyumbani. Draiva zao zimo ndani ya msimbo wa kerneli, na anayebadilisha vipimo vya ndani hutarajiwa kurekebisha nguo zote za humo siku hiyo hiyo. Wenye kerneli hawaahidi kwamba vipimo hivyo vitabaki vilevile. Hilo wameliandika wazi na wanalitetea. Draiva rasmi ya Nvidia hushonwa nje. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, aliwahi kuionyeshea kampuni hiyo kidole cha kati hadharani nchini Ufini, mwaka 2012. Mei 2022 Nvidia ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli, nami nikadhani mchezo umekwisha. La. Moduli hizo bado hukaa nje ya kerneli, bado hushonwa upya kila toleo, na kadi za kabla ya kizazi cha 2018 hazimo.

Ipo draiva mbadala ya Nvidia iliyomo ndani ya kerneli tangu 2010, iitwayo nouveau. Ila ukiweka draiva rasmi, nouveau hufungiwa nje ili zisigombanie kadi moja. Kwa hiyo sare mpya ikikosekana, hata ile ya kuazima haipo. Si lazima skrini iwe nyeusi kabisa, mara nyingine hubaki picha kubwakubwa, nzito kama uji.

Dawa ya ugonjwa huu ni DKMS, chombo kilichotoka Dell mwaka 2003. Huyu ni fundi cherehani wa kukaa nyumbani: kerneli mpya ikiingia, anashona moduli upya bila kuombwa. Anachohitaji ni karatasi ya vipimo, yaani kifurushi cha linux-headers cha toleo lile lile. Kikikosekana hashoni kitu, na analalamika kwenye mistari ya terminali ambayo hakuna anayeisoma.

Kikwazo kingine ni Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokagua mihuri ya programu wakati wa kuwaka. Ikiwa imewashwa, moduli iliyoshonwa nyumbani huhitaji mhuri, kama mgeni anayetakiwa kuja na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ndiyo sababu baada ya kuweka draiva hutokea skrini ya bluu ikikutaka uusajili ufunguo wa mhuri huo, nayo hukupa sekunde 10 tu. Ukiiacha ipite, sare imeshonwa vizuri ila mlinzi haifungulii geti. Ukitumia moduli ambazo Ubuntu wamekwisha kuzishona na kuzipiga mhuri wao, unaliruka hili lote.

Mimi nilikuwa nimepakua faili la draiva kwa bando langu, mamia ya MB, nikaliendesha kwa mkono bila DKMS. Likashona suruali moja, ya siku ile.

Niliporudi Moshi nilirudisha kadi, nikawasha nikibonyeza Esc mpaka orodha ya Grub, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, ikatokea, nikachagua kerneli ya zamani. Picha ikarudi papo hapo. Asiye na kerneli ya zamani anaweza kubonyeza e kwenye orodha hiyo, akaongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Picha itakuwa hafifu, lakini inatosha kufanyia kazi. Nikaiondoa draiva ya mkono kwa sudo nvidia-uninstall, kisha nikaweka ya Ubuntu, ile inayoshonwa na DKMS.

Siku hizi nikisasisha kerneli naandika dkms status kabla ya kuzima. Mstari wa toleo jipya ukiishia na neno installed, naenda kulala.