Makrofaji za panya na saa 24 hazitoshi kueleza baridi yabisi

Mapendekezo mengi ya utafiti wa mitishamba ninayosoma hapa Kisumu na Nakuru hufuata njia moja: makrofaji (seli za kinga) za panya, aina ya maabara iitwayo RAW 264.7, zinawekewa LPS (sumu ya ukuta wa bakteria), zinaachwa saa 24, nitriki oksaidi, ishara ya uvimbe, inapimwa, halafu hitimisho linadai dondoo la gome limetuliza uvimbe sugu wa viungo. Kipimo ni rahisi na cha haraka. Ila hakijagusa kiungo, wala usugu wenyewe.

Makrofaji iliyochokozwa kwa LPS hujizima: ichokoze tena baada ya siku moja, nayo hutoa TNF (protini inayochochea uvimbe) kidogo mno. Faibroblasti, seli zinazojenga utando wa ndani ya kiungo, haziko hivyo. Zikikaa ndani ya TNF huendelea kumwaga IL-6 (protini nyingine ya uvimbe) siku baada ya siku, pamoja na MMP-1 na MMP-3, vimeng'enya vinavyokula gegedu. Dawa za kuzuia TNF zenyewe zilipata msingi kwenye seli za utando huo: mwaka wa 1989 huko London, kundi la Marc Feldmann na Ravinder Maini lilizuia TNF kwa kingamwili katika seli za wagonjwa, na IL-1, nayo protini ya uvimbe, ikashuka.

Utando hupatikana goti linapobadilishwa, kwa idhini ya mgonjwa na ya kamati ya maadili. Ukate vipande vya milimita 1 hadi 2, uumeng'enye kwa kolajenesi (kimeng'enya kinachotenganisha seli), miligramu 1 kwa mililita, kama saa 2 kwenye nyuzi 37, uchuje, kisha uzipande seli kwenye DMEM (midia, yaani maji ya kulishia seli) yenye seramu asilimia 10. Tumia pasaji ya 3 hadi ya 6, yaani seli zilizohamishiwa chombo kipya mara 3 hadi 6. Kabla ya hapo bado kuna makrofaji zilizojichanganya humo. Ukichelewa, seli hubadilika tabia. SW982, seli ya maabara itumikayo badala yake, inafaa kwa majaribio ya awali tu, maana ni seli ya saratani.

Panda seli 10,000 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96, shusha seramu hadi asilimia 1 usiku kucha, kisha weka TNF nanogramu 10 kwa mililita. Badilisha midia na TNF kila saa 48, kwa siku 8. Dondoo liingie siku ya 3 au ya 4, seli zikiwa tayari zimewaka. Mgonjwa haji kliniki kabla ya goti kuvimba. Vishimo vya pembeni vijaze maji ya chumvi, kwa sababu kwa muda huo vitakauka.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Kwa hiyo asilimia 5 halisi ya kabonidayoksaidi, gesi inayodhibiti asidi ya midia, huko hufanya kazi ya asilimia 4 ya Mombasa. Midia ikigeuka waridi inayoelekea zambarau ndani ya inkubeta, pandisha gesi hadi kama 6. Kisumu, 5.7 hivi inatosha. Lakini uliza kwanza kama mashine ilishasawazishwa kwa mwinuko wa mahali, usije ukarekebisha mara mbili.

Magome ndiyo yenye mitego zaidi. Tanini hushika protini, hivyo dondoo linaweza kuinasa TNF kwenye midia kabla haijafika kwenye seli, au kuificha IL-6 isionekane kwenye ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili), nawe ukafurahia dawa isiyokuwepo. Chukua dondoo lako bila seli, tia IL-6 ya kiasi unachokijua, upime: ikirudi nusu, matokeo yako yote ya IL-6 yana walakini. MTT, rangi inayoonyesha seli hai, nayo hudanganywa, kwa kuwa polifenoli huigeuza zambarau hata pasipo seli hai. Osha vishimo mara mbili kabla ya kuiweka, na uhesabu seli kwa njia ya pili, kwani dondoo linaloua seli nalo hushusha IL-6.