Presha haina dozi ya kumaliza

Mama mmoja mtu mzima kutoka Barani aliniwekea mezani karatasi tatu za vidonge, zote tupu, akajiegemeza kitini kama mtu aliyemaliza kulipa deni. "Hizo hapo, mwanangu. Dozi nimemaliza." Kweli alikuwa amemaliza, ila miezi minne nyuma. Nikampima: 182 kwa 104. "Mbona kichwa hakiniumi?" akauliza. Na hapo pia alikuwa anasema kweli.

Mimi ni tabibu hapa Malindi. Watu huniita daktari na nimeshachoka kuwasahihisha. Kama kuna neno moja ningependa tuliache tunapozungumzia presha, ni hilo la dozi. Sisi wa Pwani tumelelewa na malaria. Tangu utotoni mtu anajua utaratibu: unashikwa na homa, unapimwa, unapewa vidonge vya siku tatu, unavimaliza, unapona. Akipewa vidonge vya presha vya mwezi mzima anahesabu kwa hesabu ile ile, anaona tu kwamba dozi hii ni ndefu. Hajaambiwa kuwa kidonge cha presha hakiui mdudu, kwa sababu mdudu hayupo. Kinailegeza mishipa leo, au kinasaidia figo kutoa chumvi na maji leo, na kesho kazi inaanza upya. Ukiacha, presha inarudi ilipokuwa. Mara nyingi hairudi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo mtu anapodanganyika akadhani amepona.

Neno lingine linalotupoteza ni "kupanda". Mtu akigombana na jirani utasikia "amenipandisha presha". Ni sawa, hasira hupandisha, na ikiisha presha hushuka. Hata kubeba ndoo ya maji hupandisha. Ugonjwa ni ile presha inayobaki juu hata ukiwa umekaa kivulini huna ugomvi na mtu. Namba ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya pili ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Tunapenda iwe karibu na 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikaonekana hivyo tena siku nyingine, hapo tunaita ugonjwa. Ukijipima nyumbani, mpaka wenyewe ni 135 kwa 85, maana nyumbani mtu huwa ametulia zaidi.

Haiumi, na ndiyo ubaya wake. Mishipa inasukumwa kwa nguvu miaka na miaka, kuta zake zinakakamaa, moyo unanenepa kwa kazi, vichujio vya figo vinachakaa kimoja kimoja. Siku ambayo mwili unasema kitu, mara nyingi tayari ni kiharusi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu robo ya Wakenya watu wazima walikutwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Kupima kwenyewe zamani kulikuwa balaa. Mtu wa kwanza kuandika habari za kupima nguvu ya damu ni kasisi Mwingereza, Stephen Hales, ambaye mwaka 1733 alieleza jinsi alivyomlaza farasi jike, akamtia mrija kwenye mshipa na kuunganisha bomba la kioo refu. Damu ilipanda zaidi ya futi nane. Nikiwahadithia wagonjwa huwa wanauliza kwanza: farasi alipona? Hakupona. Kitambaa hiki cha kufunga mkononi kilitokana na kazi ya Scipione Riva-Rocci huko Italia mwaka 1896, kwa hiyo tushukuru.

Lakini hata kwa kitambaa tunakosea, na sehemu kubwa ya kosa ni letu wahudumu. Mtu ameshuka kwenye tuktuk juani, amepanda ngazi, ameulizwa kadi, na kabla hajapumua kitambaa kimeshafungwa juu ya mkono wa buibui huku akisimulia habari za harusi ya jana. Namba hiyo si yake. Kaa dakika tano bila kuzungumza. Egemeza mgongo, miguu chini, usipandishe mguu juu ya mwenzake. Mkono uwe wazi na ulale mezani usawa wa moyo. Kama una mkojo, nenda kwanza. Kahawa, sigara na mugokaa, yale majani ya kutafuna, viwe vimepita angalau nusu saa, na mugokaa hata zaidi, maana wenyewe unapandisha presha na mapigo ya moyo kwa saa kadhaa. Kisha upimwe mara mbili, katikati dakika moja au mbili. Na mwenye mkono mnene adai kitambaa kikubwa. Kidogo kikimbana kinatoa namba ya juu ya uongo. Mhudumu akikuona msumbufu, muache akuone hivyo.

Sasa chumvi. Hapa nitakaa kidogo.

Sisi ni majirani wa chumvi. Ukitoka Malindi kufuata njia ya Lamu unapita Gongoni na Marereni, kwenye mabwawa ya viwanda ambako maji ya bahari huachwa yakakauka kwa jua mpaka chumvi ibaki. Kwa sababu hiyo kuna imani kwamba chumvi ya mawe ya huku kwetu "haina neno", yenye madhara ni ile laini ya pakiti. Si kweli. Sodiamu, kile kilichomo ndani ya chumvi kinachopandisha presha, ni ile ile. Tofauti ni kwamba chumvi ya mawe isiyotiwa ayodini inakunyima ayodini, basi. Wale wanaonunua chumvi ya pinki kwa bei ya samaki mzima nao wapo kapu hilo hilo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hicho kijiko ni cha kila kitu: cha asubuhi, cha mchana, cha usiku, na cha alivyotia muuzaji. Wagonjwa wangu wakiambiwa "punguza chumvi" wanaondoa kidau cha chumvi mezani, wanarudi wakijivunia, na presha iko pale pale. Kwa sababu chumvi yetu haikai mezani. Imo kwenye ng'onda na papa mkavu. Imo kwenye achari ya embe na pilipili ya ndimu inayoliwa na kila kitu, kwenye kachiri za muhogo za jioni, kwenye mkate wa dukani, kwenye vidonge vya supu na unga wa mchuzi ambao siku hizi hakuna sufuria inayochemka bila wao. Wali wa nazi wenyewe watu hutia chumvi mara mbili, kwenye tui na tena ukikaribia kukauka. Na magadi! Magadi yanayolainisha maharagwe na mchunga nayo ni sodiamu, ingawa hakuna anayeyahesabu kuwa chumvi.

Sikuambii uache papa mkavu. Mimi mwenyewe nimelelewa nao, na anayeniambia niuache hatanipata. Uloweke usiku kucha, mwaga maji, loweka tena, kisha usitie chumvi yoyote kwenye mchuzi wake, na uwe wa siku moja moja. Siku nyingine nunua samaki mbichi, tena sisi tunao. Changu aliyepakwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili hana haja ya chumvi nyingi. Asidi ya ndimu na ukwaju huudanganya ulimi vizuri sana. Punguza kidogo kidogo. Wiki mbili tatu za mwanzo chakula kitakuwa kama cha mgonjwa, baadaye ulimi unazoea, na ukirudi kula cha zamani unashangaa ulikilaje.

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa sodiamu na kulegeza mishipa. Imo kwenye mchicha, mnavu, kunde, mbaazi, ndizi, viazi vitamu na madafu. Kuna utafiti maarufu wa hapa Kenya, uliochapishwa mwaka 1990, uliowafuata Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Presha yao ilipanda mapema tu baada ya kuhama kuliko ya wenzao waliobaki, na kwenye mkojo wao sodiamu ilikuwa nyingi ukilinganisha na potasiamu. Watu walikuwa wale wale, ukoo ule ule. Nikiwaona vijana wa Ganze na Magarini wanaokuja mjini na kuishi kwa chipsi, huukumbuka. Ila angalizo: mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za losartani, enalaprili au spironolaktoni, asijinywee madafu matatu kwa siku wala asinunue chumvi mbadala ya potasiamu bila kuuliza. Kwake potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo.

Uzito, kutembea na pombe nitavipitia haraka kwa kuwa vinajulikana. Nusu saa ya kutembea kwa haraka siku nyingi za wiki inatosha kuonekana kwenye namba. Kina mama wanaotembea alfajiri ufuoni hadi Nguzo ya Vasco da Gama wanajua. Kilo chache zikishuka, presha hushuka nazo. Mnazi ni pombe, hata ukiwa mtamu wa asubuhi. Sigara acha.

Kitunguu saumu, mlonge na chai ya rosela watu huniuliza sana. Kitunguu saumu na rosela vina uwezo mdogo wa kushusha presha, na kama chakula sina ugomvi navyo. Ugomvi ni pale vinapowekwa mahali pa dawa.

Kuhusu dawa, sharti niungame. Kulikuwa na mzee mmoja fundi wa mashua ambaye presha yake ilikataa kushuka. Nilimwanzishia amlodipini, nikaipandisha, nikaongeza haidroklorothaiazaidi, ambayo ni dawa ya kukojoza, nikaongeza losartani. Bado 160 na kitu. Nikaanza kumshuku kwamba hamezi, tena nilimwambia kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia kwa mtu wa umri wake. Ziara ya tano ndipo mkewe alipofungua pochi kutafuta leso, ikaanguka karatasi ya diklofenaki, dawa ya maumivu. Goti lilikuwa linamsumbua, alikuwa akiinunua duka la dawa karibu kila siku, mwaka wa pili sasa. Diklofenaki na ibuprofeni hushikilia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, huzuia dawa zako zisifanye kazi, na zikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojoza zinaweza kuziua figo. Mzee hakuficha kitu. Mimi sikuuliza. Tuliiondoa, tukambadilishia dawa ya goti, na baada ya wiki kadhaa nikapunguza zangu.

Hizo dawa za presha nazo zina tabia zake, ni bora uzijue kabla hazijakutisha. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Haina maana figo zimekufa, rudi tupunguze au tubadilishe. Enalaprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, nao hunywa dawa za kifua miezi bila kupona. Kwa watu weusi dawa za jamii ya enalaprili zikiwa peke yake mara nyingi hazishushi sana. Utafiti uliofanywa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ndani ulifanya vizuri zaidi kuliko usiokuwa nayo. Ndiyo maana jirani yako anaweza kupewa vidonge viwili na wewe kimoja, na ndiyo maana kuazimana vidonge si wema. Mwenye mimba, au anayetafuta mimba, aseme mapema: enalaprili na losartani haziruhusiwi, zipo nyingine. Na mjamzito mwenye presha akiumwa kichwa sana au kuona vimulimuli asisubiri asubuhi.

Ramadhani wengi huacha. Hakuna haja. Dawa nyingi za siku hizi humezwa mara moja kwa siku. Kimeze wakati wa futari au daku, na dawa ya kukojoza iwe futari ili kiu isikumalize mchana. Njoo wiki mbili kabla ya mwezi kuandama tupange, maana figo au moyo wa mwingine hauruhusu kufunga na hilo si la kuamuliwa na mimi kwa blogu.

Ikifika 180 kwa 120 na ukawa na maumivu ya kifua, pumzi kukata, kuona giza, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, huo ni wakati wa gari, si wa ndimu wala wa kumeza vidonge viwili kwa pamoja. Nawajua watu waliopitishwa kwanza kwa mganga kwa kudhaniwa ni upepo. Sitabishana na mtu kuhusu upepo. Hospitali kwanza, kwa sababu kwenye kiharusi kila dakika kuna sehemu ya ubongo inayokufa, na mganga atakuwepo hata kesho.

Yule mama wa Barani anakuja kila mwezi sasa. Juzi alikuwa 134 kwa 82, akaniuliza kama sasa anaweza kusimamisha. Nikamwambia namba hiyo ndiyo kazi ya vidonge. Akafikiri kidogo. "Yaani ni kama miwani." Nikamwambia ndiyo, ni kama miwani, na nimemwibia mfano huo tangu siku hiyo.

Ukija kwangu, au kwa tabibu yeyote, njoo na mfuko wenye kila unachomeza: vya presha, vya goti, vya tumbo, unga wa mizizi, na vile alivyokupa shemeji. Sitakasirika. Vimwage mezani tuvitazame pamoja.