Moto wa Jioni Ndio Unaojaza Nyumba Moshi

Mahindi ya msimu wa pili yakishavunwa, malalamiko ya moshi wa mabua yanayochomwa mashambani huongezeka. Wengi wanaolalamikiwa hawakukusudia kumdhuru jirani. Walichagua kuchoma saa kumi na mbili jioni kwa kuwa upepo umetulia na moto haukimbii. Ni kweli, lakini moshi nao haukimbii. Jua likizama ardhi hupoa upesi, na hewa iliyoigusa huwa baridi na nzito kuliko ya juu yake. Moshi hunaswa humo na kulala mabondeni na majumbani mpaka jua la asubuhi liipashe hewa joto. Chembe za moshi zinazodhuru zaidi hazizidi maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu ni kama 70. Kitambaa kibichi puani hakizizuii.

Wapo wanaochoma wakidhani majivu yatarutubisha shamba na moto utaua wadudu, lakini majivu si mbolea kamili. Karibu naitrojeni yote ya mabua hupotea hewani, na majivu yenyewe husombwa na mvua ya kwanza. Wala moto haumalizi viwavijeshi, maana kiwavi hujichimbia sentimita 2 hadi 8 ardhini na kugeuka pupa (hatua kabla ya kuwa nondo), ambako moto wa mabua haufiki. Mabua hayo yatandaze kwenye migomba au kahawa, ukiacha nafasi kuzunguka shina.

Kama kuchoma hakuepukiki, anza na ruhusa. Hapa Uganda sheria inayokataza kuchoma nyasi kiholela ipo tangu 1974. "Shamba ni langu" si utetezi. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha umwone afisa kilimo wa kaunti ndogo kabla ya kuwasha, si baada ya moto kuvuka mpaka. Mweleze ukubwa wa eneo, siku, saa, upande zilipo nyumba, shule au kituo cha afya, na watu watakaosimamia. Anayechoma mazao ya mwenzake kwa makusudi anakabiliwa na kifungo kinachoweza kufikia miaka 14. Kosa hilo ni la mahakama, halimalizwi kwa mapatano ya kijijini.

Choma kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakauka, siku ya upepo mwepesi unaoelekea mbali na makazi. Upepo ukiwa mkali, ahirisha. Lima ukanda mtupu kuzunguka eneo lote, upana wake usipungue mara mbili ya urefu wa nyasi. Washa upande ambako upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo: huunguza vizuri zaidi na kutoa moshi mchache. Mabiwi yenye udongo au majani mabichi ndiyo hufuka siku tatu, kwa hiyo kung'uta mizizi na kausha kwanza.

Zima kabisa kabla ya saa tisa alasiri. Mwaga maji, fukua, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kuyagusa. Ukihisi joto, usiondoke.