Ukaguzi wa barua pepe zinazotoka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kompyuta yangu haina tatizo, hivyo ninachotuma ni salama.
Kirusi hakilazimiki kuisumbua kompyuta kinamopitia. Wakala wa forodha mwenye ofisi karibu na bandari ya Dar es Salaam anaweza kupokea ankara ya Excel kwenye flashi ya mteja, akaiambatisha bila hata kuifungua, na kirusi kikamfikia mfanyabiashara wa Kariakoo huku kompyuta ya wakala ikiwa haijaguswa. Programu inayokagua barua zinazotoka hukichunguza kiambatisho kabla hakijaondoka, na ikikitilia shaka hukizuia.

Dhana: Mpokeaji ana antivairasi yake.
Huenda anayo, na huenda leseni yake iliisha mwaka jana. Hata aliye makini hulegeza tahadhari anapoona jina analolifahamu, na watunzi wa virusi walilijua hilo mapema. Machi 1999 Melissa, kirusi cha barua pepe, ilijituma kwa anwani 50 za mwanzo katika orodha ilizozikuta ndani ya Outlook, programu ya barua pepe. Mei 2000 kirusi kingine, ILOVEYOU, kikawaandikia wote waliomo kwenye orodha. Waliofungua hawakuwa wazembe kama tunavyopenda kuwasema, kwani barua ilitoka kwa bosi, mteja au shemeji.

Dhana: Kingetumwa kitu, ningekiona kwenye barua zilizotumwa.
Kwangu mimi hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote. MyDoom, iliyosambaa Januari 2004, ilikuja na mtambo wake wa kutuma barua, haikuihitaji programu ya barua ya mwenye kompyuta, tena ilighushi anwani ya mtumaji, hata lawama zikamwangukia mtu asiyehusika. Kwa hiyo ukaguzi unaoishia ndani ya programu ya barua hautoshi: kompyuta yenyewe ikaguliwe, na fundi wa mtandao wa ofisi afunge poti namba 25, yaani mlango wa mtandao ambao barua hupitia, kwa kompyuta zote isipokuwa seva ya barua, ile kompyuta inayotuma barua za ofisi.

Dhana: Maneno "imekaguliwa, haina virusi" chini ya barua ni uthibitisho.
Yeyote aweza kuyaandika. Netsky, ya mwaka huohuo wa 2004, iliyaandika yenyewe.

Dhana: Faili lililofungwa kwa nywila ni salama zaidi.
Ni salama dhidi ya wadukuzi wa siri, si dhidi ya virusi, kwa sababu programu ya ukaguzi haiwezi kusoma kilichomo ndani yake. Likaguliwe kabla ya kufungwa, na nywila mpe mpokeaji kwa simu.