Mtango wa Ndani Unachanua Lakini Hauzai

Mtango uliopandwa kwenye ndoo ndani ya nyumba huweza kujaa maua, kisha matango machanga yakageuka njano, yakasinyaa na kudondoka. Wengi hukimbilia kuongeza mbolea. Kabla ya hapo kagua maua, kwa sababu mara nyingi kinachokosekana ni nyuki.

Ua dume lina kikonyo chembamba kitupu. Ua jike lina tango dogo nyuma yake, tayari na umbo lake. Madume hutangulia kwa wiki moja au mbili, hivyo yakidondoka hakuna hasara. Jike likifunguka, lichavushe asubuhi hiyo hiyo, yaani lipelekee chavua, ule unga wa ua dume, kama nyuki angefanya, maana muda wake ni mfupi. Chuma ua dume lililochanua, ondoa petali (vijani vya rangi vya ua), kisha lipake taratibu katikati ya ua jike, pande zote. Chavua ikifika upande mmoja tu, tango hupinda au huvimba ncha moja.

Njia rahisi zaidi ni kununua mbegu za aina inayozaa bila kuchavushwa. Pakiti huwa imeandikwa. Hiyo usiichavushe, kwani itajaa mbegu na kuharibika umbo.

Maji ndiyo chanzo cha pili cha shida, nayo hudanganya. Majani yakilegea mchana wa joto na kusimama tena jioni, mmea haujambo. Yakibaki yamelegea huku udongo umelowa, usimwagilie! Chimbua mzizi mmoja pembeni: wenye afya ni mweupe na mgumu, uliooza ni wa kahawia, unateleza na kunuka. Zibua mashimo ya chini, mwaga maji ya kwenye sahani, na subiri hadi sentimita 3 za juu zikauke. Kila mche upewe chombo cha lita 20 hivi. Chombo kidogo hukauka upesi, na kuhangaika kati ya ukame na mafuriko, hasa wakati wa joto kali, huchangia tango kuwa chungu. Uchungu huo hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda.

Shina refu, jembamba, lenye majani yaliyoachana linadai mwanga. Dirisha lisilopata jua la moja kwa moja kwa saa 6 halitoshi. Tumia taa ya LED saa 14 hadi 16 kwa siku, sentimita 15 hadi 30 juu ya mmea; majani ya juu yakipauka, ipandishe.

Majani ya chini yakigeuka njano yote, hapo kweli kirutubisho cha naitrojeni kimepungua. Njano ikiwa katikati ya mishipa tu, fikiria magnesiamu.

Vidoadoa vyeupe-njano juu ya jani huashiria utitiri, ambao hupenda hewa kavu ya ndani. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge. Vumbi likitembea, ni wao. Osha upande wa chini wa majani kwa maji, kisha nyunyiza mililita 5 za sabuni isiyo kali katika lita moja ya maji. Jani la mtango huungua kirahisi, kwa hiyo jaribu kwenye jani moja na usubiri siku nzima. Lisipoungua, nyunyiza mmea wote jioni na urudie kila baada ya siku 5, mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai.