Je, wajua? Ukimzuga mtu kwenye poka, kuna sehemu ya ubongo inayojua sio kompyuta

Poka kwa hapa Dodoma sio mchezo wa kijiweni, wengi tunaijua kwenye muvi na kwenye simu. Ukipita Majengo mchana jua likiwa kali utakuta albastini, watu wanne chini ya mwarobaini na watazamaji wenye kelele kuliko wachezaji wenyewe. Ila watu wa ubongo wameipenda sana poka kwa sababu ushindi wake hautegemei karata peke yake, unaweza ukashika karata mbovu kabisa, ukapandisha dau kwa kujiamini, mwenzio akaogopa akatupa zake. Yani kuzuga ni sehemu halali ya mchezo.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani waliwalaza watu kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakawachezesha poka iliyorahisishwa: unapewa karata moja, kubwa au ndogo, sa uamue unaweka dau au unatupa. Mara mpinzani ni mtu kweli, mara ni kompyuta, na unaambiwa kabisa sasa hivi unacheza na nani. Sheria zilezile.

Ishu ikaja hapa. Kuna eneo la ubongo nyuma ya sikio, kwa juu kidogo, wenyewe wanaliita kwa kifupi TPJ, ndo linalochangamka ukiwa unajiuliza huyu mwenzangu anawaza nini. Wakiangalia shughuli ya eneo hilo waliweza kubashiri kama mwenye karata ndogo ataamua kuzuga, lakini pale tu anapocheza na mtu, akicheza na kompyuta lilikuwa haliwasaidii kubashiri. Na ilionekana zaidi kama mchezaji anamuona mpinzani wake ni mkali. Mimi hii imenifurahisha kuliko zote, maana hata pale mwarobaini ukiangalia vizuri, mtu kabla hajapiga karata yake mezani paa! macho yake hayako kwenye karata, yako kwenye uso wa mwenzie.

Kabla ya hao kuna wa Chuo Kikuu cha Iowa, kina Bechara na Damasio. Hii sio poka, ila ni karata na hela. Unawekewa mafungu manne, unafunua moja moja mpaka zifike 100. Mafungu mawili yanalipa vizuri halafu yanakukata hasara za kufa mtu, mawili yanalipa kidogo kidogo lakini mwisho wa siku unabaki na faida, na hakuna anayekuambia lipi ni lipi. Wakawawekea mikononi vifaa vya kupima jasho. Matokeo waliyoyatoa 1997: baada ya karata kama 10 hivi, mkono ukielekea kwenye fungu baya ngozi inaanza kutoa jasho, na ukimuuliza mwenyewe anakwambia sijui lolote bado. Kwenye karata ya 50 ndo anaanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa, na kwenye ya 80 wengi ndo wanaweza kueleza mchezo unavyoenda. Wapo waliokuja kubisha baadae kwamba watu walikuwa wanajua mapema kuliko walivyosema, ubishi halali kabisa. Ila kilichowashangaza wengi ni wale wagonjwa walioumia ubongo sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso kwa chini, wao hilo jasho la tahadhari halikuja kabisa na wakaendelea kuchagua mafungu mabaya, hata baadhi ambao walishajua ni mabaya.

Na ile tabia ya kufunua karata taratibu, unachungulia kona tu huku moyo unadunda? Hapo ni dopamini. Watu wanasema dopamini ni kemikali ya raha, sio hivyo hasa. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wanapewa juisi, wakakuta zinachangamka sana zawadi ikija bila kutegemewa, ikitegemewa ikakosekana zinanyamaza. Mwaka 2003 wakaongeza lingine, kwamba nafasi ya kupata ikiwa nusu kwa nusu, kuna baadhi ya seli zinapanda polepole muda wote wa kusubiri. Kwa hiyo utamu mwingine uko kwenye kutojua.

Kukosa kidogo nako kuna mambo yake. Utafiti wa 2009 wa Uingereza ulikuta kwamba kwenye mashine za kamari, picha ikipita kwa nafasi moja tu, maeneo ya ubongo yanayowaka ukishinda yanawaka pia, na mtu anataka kucheza tena wakati kiukweli ameliwa. Mwenye mkeka uliochanwa na timu moja ataelewa naongelea nini.

Kuhusu dopamini kuna kisa cha hospitalini. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic walitoa ripoti ya wagonjwa 11 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, ambao walinogewa na kamari wakiwa wanatumia dawa zinazoiga kazi ya dopamini. Waliopunguziwa au kuachishwa dawa hizo, hamu ya kamari ikaondoka, kuna waliosema iliisha ghafla tu.