Maridhiano ya kesi za halmashauri: maana yake, na chanzo cha hasira ya wananchi

Maridhiano ya kesi ni makubaliano ambayo mdai na mdaiwa huyafikia wenyewe, kabla mahakama haijatoa hukumu, kwamba shauri lao liishe kwa masharti fulani, na mara nyingi sharti kubwa ni kiasi cha fedha kitakacholipwa kufikia tarehe iliyotajwa. Masharti hayo huandikwa katika hati, pande zote husaini, na hati ikishapokelewa na mahakama huwa na nguvu ya hukumu. Mitaani tunasema kesi "imemalizwa nje ya mahakama", na usemi huo unapotosha kidogo, kwa sababu hati iliyosajiliwa hukaziwa kama hukumu nyingine yoyote, na hukumu iliyotolewa kwa ridhaa ya pande zote haikatiwi rufaa.

Baina ya majirani wawili wanaogombea mpaka wa kiwanja kule Kihesa, Iringa, maridhiano ni jambo jema na hayamkeri mtu. Mambo hubadilika pale mdaiwa anapokuwa halmashauri, kwa kuwa hapo anayesaini siye anayelipa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri imeingia mkataba na mkandarasi wa kujenga soko, kisha inamwondoa kazini bila kumpa notisi ambayo mkataba wenyewe uliitaka. Mkandarasi anadai shilingi milioni 400 pamoja na riba. Baada ya miaka miwili ya kesi, pande zote zinasaini hati ya milioni 250. Mkurugenzi analieleza baraza la madiwani kwamba halmashauri imeokoa milioni 150. Mama anayeuza viazi Mwanjelwa, Mbeya, ambaye kila asubuhi hukatiwa ushuru kwa mashine ya POS na kukunja risiti yake ndani ya kanga, anasikia kwamba milioni 250 zimekwenda na soko halipo. Hesabu zote mbili ni sahihi, na ndiyo sababu hawa wawili hawasikilizani: mkurugenzi anaanza kuhesabu kutoka kwenye dai, mama anaanza kuhesabu kutoka kwenye ushuru wake.

Kwa maoni yangu, hasira ya mama huyu ni ya haki, lakini kuielekeza kwenye hati ya maridhiano ni kuichelewesha. Iwapo mkataba ulivunjwa kinyume cha utaratibu, kuendelea kupambana mahakamani kunaongeza riba na gharama tu, na aliyeshauri wapatane huenda ndiye aliyewatendea wananchi wema zaidi ya wote waliohusika. Fedha zilipotea siku barua ya kumwondoa mkandarasi iliposainiwa. Swali la nani aliiandika barua ile, na alishauriwa na nani, halimo kabisa ndani ya hati, kwa kuwa hati za namna hii kwa kawaida humaliza dai bila yeyote kukiri kosa.

Machungu yanaonekana zaidi pale malipo yanapotoka kwenye mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, leseni, kodi za vibanda na mengineyo. Asilimia 10 ya mapato hayo imewekwa kisheria tangu mwaka 2018 kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kinachobaki ndicho kinachogombaniwa na kila kata. Aliyetembea vijijini Rungwe au Mufindi ameyaona maboma ya zahanati: wananchi wamechanga, wamefyatua tofali, wamepandisha kuta hadi kwenye renta, kisha wanaisubiri halmashauri ilete mabati. Mvua za masika zinanyesha juu ya kuta zilizo wazi, tofali za juu zinaanza kumomonyoka, na nyasi zinaota ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia. Deni la kesi likiingia katikati ya mwaka wa fedha, bati ndilo linalosubiri.

Hapa ndipo linapoingia suala la nani anaidhibiti halmashauri. Diwani anachaguliwa na wananchi, na meya anachaguliwa na madiwani, lakini mkurugenzi anateuliwa na Rais, na mwanasheria wa halmashauri anafanya kazi chini ya mkurugenzi. Mwaka 2015 CHADEMA ilipata madiwani wengi katika Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa. Tangu uchaguzi wa mwaka 2020 mabaraza hayo yako mikononi mwa CCM. Chama kilibadilika, ila mamlaka ya kumteua mkurugenzi yalibaki palepale. Zaidi ya hayo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yanataka Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe katika kila shauri dhidi ya halmashauri, na mdai atoe kwanza notisi ya siku 90. Kwa hiyo diwani anaposema katika mkutano wa mtaa kwamba uamuzi haukuwa wake peke yake, anaweza kuwa anasema kweli.

Ukweli huo haumwondolei wajibu. Siku 90 za notisi ni muda wa kutosha kwa kamati ya fedha kuuliza dai ni la nini, nani alisababisha, na mwanasheria anaonaje uwezekano wa kushinda. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba madiwani wa chama kimoja hukubaliana msimamo katika kikao chao kabla ya baraza, kisha kwenye baraza lenyewe, ambalo mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria, mjadala unakuwa umeshakwisha. Wananchi huchukulia ukimya huo kuwa ushahidi wa wizi, hata pale ambapo hakuna kilichoibwa.

Baada ya hati kusajiliwa, baraza halina tena la kubadili katika kiasi kilichokubaliwa. Bado mwananchi anaweza kuandika barua kwa mkurugenzi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka majibu ndani ya siku 30, akaomba nakala ya hati pamoja na ile barua ya kwanza iliyovunja mkataba.